Kuvua trauti wa kilindini kwa mshipi wa mkono: je, ziwa la milimani linahitaji mashine?

MWANA WA KIPUNGANI (Lamu)

Assalamu alaikum wazee wangu na ndugu zangu. Ninaandika kwa niaba ya mdogo wangu, ambaye kazi imempeleka Reno, katika jimbo la Nevada nchini Marekani, mji ulio karibu na Ziwa Tahoe. Yeye amekulia katika dau la ami yetu, akivua changu na chewa kwa mshipi, na siku zake za mapumziko huko ugenini hana raha nyingine ila maji. Wenzake wa kazini wamemwambia kwamba trauti wakubwa wa ziwa hilo hukaa vilindini, na kwamba asijisumbue kuwatafuta bila ya mashine ya kuteremshia chubwi (uzito wa kuzamishia uzi), chombo cha umeme cha kuonyesha samaki walio chini, na fimbo mbili tatu za bei asiyoweza kuilipa. Anachoweza kupata ni mashua ndogo ya makasia ya rafiki yake, nyuzi, ndoana na risasi.

Ningependa kuwauliza wanaojua: je, mshipi wa mkono tunaoutumia sisi unaweza kumfikia trauti huyo? Na ikiwa unaweza, ni mambo gani ya ziwa ambayo mvuvi wa bahari hawezi kuyajua mpaka aambiwe?

MAALIM WA LANGONI (Lamu)

Waalaikum salaam, mwanangu. Niliishi miaka kadhaa upande wa California wa ziwa hilo kabla ya kurejea Lamu, na nilikuwa nikiwavua trauti wake kwa mshipi wa mkono kutoka katika mashua ya makasia. Kwa hiyo nitaandika kwa urefu, na nakuomba umsomee mdogo wako yote. Mshipi unamfikia. Mashine zile zinampa mvuvi ujuzi wa mambo mawili tu, yaani kina cha maji aliyo juu yake na kina ambacho ndoana yake imefika, na mambo hayo mawili mvuvi wa mshipi huyajua kwa mkono wake.

Kwanza alijue ziwa lenyewe. Tahoe liko mpakani mwa California na Nevada, mita 1,897 juu ya usawa wa bahari. Urefu wake ni kilomita 35, upana wake kilomita 19, na mahali penye kina kikubwa zaidi pana mita 501, yaani zaidi ya pima 270. Asitishwe na hesabu hiyo, kwa kuwa hakuna haja ya kuvua pima 270. Trauti anayetajwa na wenzake ni yule aitwaye Mackinaw, ambaye si mwenyeji wa Tahoe bali aliletwa mwishoni mwa karne ya 19 kutoka upande wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Trauti wa asili, yule wa Lahontan, alikuwa ametoweka humo kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, baada ya kuvuliwa kupita kiasi, mito aliyozalia kuharibiwa, na wageni hao kumla na kumnyang'anya chakula. Wamo pia trauti wa upinde wa mvua na trauti wa kahawia, ambao hukaa juu zaidi na karibu na ufuo, na wao mtu huwapata kwa mshipi mwepesi pasipo elimu kubwa. Anayehitaji kina ni Mackinaw, na ndiye anayekua mkubwa: mwaka 1974 alivuliwa humo mmoja wa karibu kilo 17.

Sababu ya yeye kukaa chini ni joto la maji. Mackinaw hupenda maji ya nyuzi 10 hivi za selsiasi. Mwezi wa Julai na Agosti jua la huko huyapasha maji ya juu hadi nyuzi 18 au 20, na maji hayo yakiisha kupata moto huwa mepesi, yakaelea juu ya maji ya baridi bila kuchanganyika nayo. Kati ya hayo mawili pana tabaka ambamo joto hushuka haraka katika mita chache, na chini yake maji hubaki karibu na nyuzi 5 mwaka mzima. Hili mvuvi wetu hawezi kulijua kwa kuwa maji matamu yana tabia ambayo maji ya bahari hayana: huwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi 4, na yakizidi kupoa yanaanza tena kuwa mepesi. Kwa hiyo yale mazito hukusanyika sakafuni na kukaa huko. Samaki akikimbia joto hushuka chini ya tabaka hilo, na ndoana inayopita juu yake, hata iwe na chambo kizuri namna gani, inapita mahali asipokuwepo mtu wa kuila. Wakati wa baridi na mwanzoni mwa masika maji ya juu nayo huwa ya baridi, na Mackinaw huweza kupanda hadi pima chache tu. Kwa sababu hiyo ningemshauri mdogo wako aanze mwezi wa Mei, asisubiri Agosti.

Tabaka hilo hutafutwa bila chombo chochote cha bei. Achukue chupa nene ya plastiki, aitoboe matundu machache karibu na shingo, atie ndani kipimajoto cha kawaida na jiwe, kisha aiteremshe kwa kamba yenye alama za pima. Aiache dakika 10 katika kina anachotaka, aivute haraka, na asome kabla maji yaliyo ndani hayajapata joto. Akifanya hivyo katika pima 5, 10, 15 na 20 atajua ubaridi unaanzia wapi, na ujuzi huo utamfaa kwa majuma kadhaa, kwani tabaka halihami haraka.

Jambo la pili ni kwamba ziwani hakuna bamvua wala maji mafu. Yule aliyezoea kuuliza mwezi ni wa ngapi kabla ya kutia nanga atajiona kama aliyenyimwa kalenda. Hata hivyo kukosekana kwa mikondo ya kupwa na kujaa ni neema kwa mvuvi asiye na mashine, kwa sababu kusipokuwa na upepo mshipi husimama wima, na pima alizotoa ndizo pima alizofika. Upepo ndio unaoharibu hesabu. Alfajiri ziwa hutulia, na mchana upepo wa kusini-magharibi huamka na kuinua mawimbi makubwa, basi awe majini kabla ya jua kutoka na awe nchi kavu kabla ya adhuhuri. Alfajiri ndipo Mackinaw naye hula vizuri.

La tatu ni uangavu wa maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis wamekuwa wakiteremsha sahani nyeupe ziwani humo tangu 1968 ili kupima umbali ambao jicho linaona. Mwaka huo wa kwanza sahani ilionekana hadi mita 31 kwa wastani, na siku hizi ni karibu mita 20. Maji ya Malindi wakati Mto Sabaki umeshuka na matope yake yanaficha uzi wa aina yoyote, lakini ya Tahoe hayafichi kitu. Mshipi mkuu unaweza kuwa mnene kwa faida ya mkono, lakini uzi wa mwisho, ule wenye ndoana, uwe mwembamba wa kubeba kilo 4 au 5, na urefu wake usipungue pima mbili.

Sasa vifaa vyenyewe. Nailoni ya kawaida hunyumbuka, na ikiwa nje pima 30 samaki anaweza kuonja na kutema bila mkono kupata habari. Kwa mshipi mkuu atafute uzi wa kusokotwa usionyumbuka, hata ule wa bei ndogo, na kila pima 5 aufunge kwa kijiuzi cha rangi tofauti badala ya kuupiga fundo, maana fundo huupunguzia uzi nguvu. Mwisho wa mshipi afunge kipete chenye matundu matatu: moja la mshipi, la pili la uzi wa ndoana, na la tatu la kijikamba cha urefu wa mkono chenye chubwi. Kijikamba hicho kiwe dhaifu kuliko vingine vyote, ili chubwi likinasa mwambani kikatike chenyewe na kuviokoa vilivyobaki. Chubwi la gramu 200 linatosha mashua ikiwa imesimama, na akiwa anapiga makasia atataka la nusu kilo. Chuma kinaweza kushika nafasi ya risasi, lakini kipande kiwe kikubwa zaidi, kwa sababu risasi ina uzito wa gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, na chuma ni 7.8 tu.

Chambo ni kijiko cha chai. Mkia ukatwe, kitobolewe tundu kila ncha, ndoana ifungwe upande mmoja na uzi upande wa pili, kisha king'arishwe vizuri. Kikivutwa polepole huyumba na kumetameta mithili ya samaki mdogo aliyejeruhiwa.

Kazi yenyewe ni hii. Ateremshe mpaka chubwi liguse chini, ainue pima moja, apige makasia taratibu kufuata ukingo, na kila baada ya dakika chache alirudishe chubwi liguse tena. Mkono utamwambia kama chini ni tope, kokoto au mwamba, kwa namna ile ile manahodha wa majahazi walivyojua kwa bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina. Upande wa kusini, pale Mto Truckee wa Juu unapoingia, pana uwanda mpana wa maji haba, kisha sakafu huporomoka. Mahali pa kuvua ni pale inapoporomoka, katika pima 20 hadi 40, kwa kuwa Mackinaw hulala karibu na sakafu na kupanda ukingoni kula.

NAHODHA WA MAYUNGU (Malindi)

Maalim, nimesoma maelezo yako kwa makini na ninakuheshimu, lakini kuna jambo ambalo siwezi kulipitisha. Nimefanya kazi miaka mingi katika boti za Malindi zinazowachukua wageni kuvua sulisuli wakati wa kaskazi, na tumekokota chambo kwa kila njia. Chombo kikienda, mshipi hupanda. Tia risasi upendavyo, ukikokota kwa mwendo wa noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa, hutakiweka chambo chini ya pima chache. Mashine ya kuteremshia chubwi iliundwa kwa ajili ya shida hiyo hasa: ina waya mwembamba wa chuma, tufe zito la kilo kadhaa, na kibanio kinachouachia uzi samaki anaposhika, kwa hiyo kina hakibadiliki hata chombo kikiongeza mwendo. Kumwambia kijana kwamba mkono unatosha ni kumfanya apoteze alfajiri zake nyingi akikokota katikati ya maji matupu. Kama hana mashine, ningemshauri atie nanga na kuvua wima, basi.

Tena hukusema lolote kuhusu chombo cha kuonyesha chini. Huo ukingo unaouzungumzia ataupataje?

MAALIM WA LANGONI (Lamu)

Nahodha, unachosema kuhusu noti 6 ni kweli tupu, na ninakushukuru kwa kukileta, kwa sababu ndicho kiini cha suala. Msukumo wa maji juu ya uzi hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukipungua kutoka noti 6 hadi noti 1, msukumo huo hupungua mara 36. Sulisuli na nguru hutaka chambo kinachokimbia, ilhali Mackinaw ni samaki wa maji ya baridi ambaye hafukuzi kitu kwa mbio ndefu, na noti 1 ya makasia ndiyo mwendo anaoutaka. Wenye injini kubwa ziwani humo huhangaika kupunguza mwendo wa vyombo vyao mpaka ufanane na wa mpiga makasia.

Hata kwa noti 1 mshipi huinama kidogo, na mwinamo huo hupimika kwa jicho. Mshipi ukilala katikati kabisa ya wima na uso wa maji, kina ni sehemu 7 kwa 10 za urefu uliotoa, yaani pima 30 zikiwa nje chubwi liko pima 21. Akiona umelala zaidi ya hapo, apunguze mwendo au aongeze chubwi. Na kila anapoligusisha chini, hesabu yake husahihishwa upya.

Lakini ikiwa anataka kupita katikati ya maji, chini tu ya tabaka la ubaridi na mbali na sakafu, hapo hoja yako ina nguvu, na dawa yake ni kuiga mashine bila kuinunua. Achukue kamba nyembamba yenye alama za pima, aifunge uzito wa kilo 3, kisha aushikize mshipi wake kwenye kamba hiyo, juu kidogo ya uzito, kwa mpira mwembamba wa kufungia noti za fedha. Avishushe vyote viwili pamoja hadi kina anachotaka, aifunge kamba kwenye mashua, na mshipi aushike mkononi. Samaki akishika, mpira hukatika, mshipi ukawa huru, na anapigana na samaki bila ya uzito wowote. Akishamtoa samaki, aipandishe kamba na kufunga mpira mwingine. Mimi nilifanya hivyo majira yote ya joto, na ninaamini kwa dhati kwamba mvuvi aliyekwisha kuunda kifaa hicho kwa mikono yake anakielewa kina kuliko yule anayebonyeza kitufe.

Ama ukingo, mwaka 1998 shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia jiolojia lilipima sakafu ya ziwa zima kwa mawimbi ya sauti, na ramani za kina zinapatikana bure. Atazame ramani, aende kwa makasia hadi karibu, na amalizie kwa chubwi. Akisha kuupata ukingo, afanye kama wanavyofanya wazee wa Shela: apange alama mbili za nchi kavu zilizo mstari mmoja upande huu, na nyingine mbili upande ule. Milima ya pale imejaa vilele, kwa hiyo alama hazitamkosa.

NAHODHA WA MAYUNGU (Malindi)

Mpira wa noti naukubali. Hesabu ya mraba pia naikubali, maana hata sisi tukizima injini moja tunaona chambo kikizama. Naongeza jambo moja kutokana na kazi: uzito wa kamba ushushwe kwanza hadi nusu ya kina huku mashua ikienda mbele polepole, ndipo umaliziwe. Ukishushwa wote mashua ikiwa imesimama, kijiko hujizungusha kwenye kamba na utavuta fungu la nyuzi.

BINT FAZA (Lamu)

Ninaomba kuuliza jambo ambalo sijaona likitajwa. Chewa anapoletwa juu kutoka kilindini hufika tumbo limetoka mdomoni na macho yamevimba, na hata ukimrudisha majini huelea tu mpaka afe. Je, trauti huyu wa pima 30 hapatwi na hayo? Nauliza kwa sababu Maalim ametaja kwamba wapo wakubwa sana, na sidhani kijana mmoja anayeishi peke yake atakula samaki wa kilo 10.

MSTAAFU WA UVUVI (Malindi)

Bint Faza, umeuliza swali ambalo wavuvi wote wa kilindi wangepaswa kuuliza. Chewa na changu wana kibofu cha hewa kilichofungwa pande zote, na hewa yake huingia na kutoka kupitia damu, polepole sana. Kutoka mita 40 baharini, ambako msukumo ni mara 5 ya ule wa juu, hewa hiyo hupanuka mara 5 njiani, ikasukuma tumbo nje. Jamaa za trauti wameumbwa vingine: kibofu chao kimeunganishwa na koo kwa mrija, na samaki anaweza kuitema hewa anapopanda. Mvuvi wa Mackinaw mara nyingi huona mapovu yakifika juu kabla ya samaki mwenyewe. Hata hivyo anahitaji muda wa kuitema, na katika ziwa la milimani muda huo ni muhimu zaidi, kwa kuwa hewa ya mita 1,897 ni nyepesi na tofauti ya msukumo kutoka mita 40 hadi juu ni karibu mara 6. Kwa hiyo asimvute kwa papara. Amlete kwa mwendo wa mkono uliotulia, na afikapo nusu ya njia ampe nafasi kidogo kabla ya kuendelea.

Hatari nyingine ni joto. Samaki aliyetolewa katika nyuzi 6 na kuzuiliwa katika maji ya nyuzi 19 ili apigwe picha hufa hata kama hewa yake imetoka salama. Wakati wa joto anayekusudia kumrudisha samaki asimtoe kabisa majini: amtoe ndoana kando ya mashua na kumwelekeza kichwa chini. Mackinaw hukua polepole, huchelewa kuzaa, na huishi miongo kadhaa. Wakubwa ndio akiba ya uzazi ya ziwa, na wadogo wa kilo moja au mbili ndio wanaofaa kwa sufuria. Nimeona pwani yetu yale yaliyompata chewa kwa kutolewa wakubwa kwanza, na yananiuma hadi leo.

KIJANA WA NGOMENI (Malindi)

Samahani wazee, mimi nilidhani Kenya nayo ina trauti milimani. Je, hatuwezi kufanya jambo hili hili Mlima Kenya badala ya kusubiri kwenda Marekani?

MSTAAFU WA UVUVI (Malindi)

Wapo, kijana wangu. Trauti wa kwanza waliletwa nchini mwaka 1905 kutoka Scotland na kutiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na baadaye kituo cha kuzalishia samaki cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kiliwasambaza katika mito mingine. Katika Mlima Kenya wamo katika maziwa kama Rutundu na Alice, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Lakini mambo mawili yanayatofautisha na Tahoe. Maziwa hayo ni madogo, na kwa kuwa yako penye ikweta hayana kiangazi kirefu cha kujenga tabaka la joto: kinachopashwa mchana hupozwa na usiku wa mlimani, na maji huchanganyika mara kwa mara. Samaki hana sababu ya kujificha vilindini. Pili, maji ya trauti nchini yana leseni yake na kanuni zake, na ni maji ya fimbo na nzi bandia. Mshipi wa mkono wenye chubwi hauna nafasi huko, na ukienda nao walinzi watakurudisha kwa haki.

MWANA WA KIPUNGANI (Lamu)

Wazee wangu, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimemsomea mdogo wangu kwa simu. Kwa kuwa Mstaafu ametaja kanuni, yeye anauliza kama mshipi wa mkono unaruhusiwa Tahoe, na kama kuna jambo jingine la kujihadhari nalo.

MAALIM WA LANGONI (Lamu)

Unaruhusiwa. Sheria ya uvuvi ya California, inapoeleza maana ya kuvua kwa ndoana, inautaja wazi uzi ulioshikwa mkononi sawa na ule uliofungwa kwenye fimbo. Ni lazima awe na leseni. Kwa siku haruhusiwi kuchukua trauti zaidi ya 5, na katika hao Mackinaw wasizidi 2. Muda wa kuvua unaanza saa moja kabla ya jua kuchomoza na kuishia saa mbili baada ya kutua. Asichukue samaki hai wa kutoka maji mengine kuwa chambo, kwa sababu yaliyompata trauti wa Lahontan yalichangiwa na samaki waliohamishwa. Vyombo vyenye injini vimekuwa vikikaguliwa tangu 2008 kabla ya kuingia ziwani, kwa hofu ya kome wageni wanaong'ang'ania mabomba na kuyaziba. Hata mashua ya makasia iwe safi na kavu kabla ya kuingizwa.

Kuhusu kujihadhari, hili ndilo ninalomsihi kuliko yote niliyoandika. Sisi tumelelewa na maji ya joto. Mtu wa Lamu akianguka kutoka kwenye dau, huogelea hata akiwa amevaa kikoi, na mara nyingi hucheka. Maji ya nyuzi 10 hayampi mtu nafasi hiyo. Katika dakika ya kwanza kifua hushtuka na mtu huvuta pumzi bila hiari, na kama kichwa kiko chini ya maji, anavuta maji. Ndani ya dakika 10 hivi vidole hukataa kufunga hata kamba, na mwogeleaji hodari hushindwa kuinua mikono yake. Fulana ya kuokolea haina thamani ikiwa imewekwa chini ya kiti, kwa maana hakuna vidole vya kuifunga tena. Aivae tangu ufukweni, asivuke katikati ya ziwa kwa mashua ya makasia, na aone milima ya kusini-magharibi ikianza kuleta upepo ndiyo amri ya kurudi, hata kama samaki wameanza kula.

NAHODHA WA MAYUNGU (Malindi)

Naunga mkono kwa nguvu zote. Naongeza kwamba mshipi wa kusokotwa ukiwa umelowa na vidole vimepoa hukata nyama bila mtu kusikia maumivu, kwa hiyo apate glavu za vidole vilivyokatwa ncha, ili ahisi chubwi bila kuumia. Asiuzungushe mshipi mkononi kamwe. Samaki akikimbia amwachie upite katikati ya vidole, na mshipi uliovutwa uangukie ndani ya ndoo, usitapakae miguuni.

MWANA WA KIPUNGANI (Lamu)

Nimeelewa na nimeandika yote. Kuna jamaa yetu anayesafiri mwezi ujao, na nimezungumza na sonara wa mtaani anikatie vijiko vitatu vya chai na kuving'arisha. Anauliza viwe vya shaba nyekundu au vya rangi ya fedha, na kama apake rangi mgongoni.

MAALIM WA LANGONI (Lamu)

Viwe vya rangi ya fedha, mwanangu, na asipake chochote. Maji humeza mwanga mwekundu kwanza, katika mita chache za juu, na katika pima 20 shaba nyekundu huonekana nyeusi tu. Mwanga unaofika huko ni wa buluu na kijani, na kinachourudisha vizuri ni chuma cheupe kilichong'arishwa. Mwambie sonara kimoja akiache kinene kama kilivyo, na viwili avipondeponde viwe vyembamba zaidi, kwa sababu chembamba huyumba hata kwa mwendo mdogo sana. Matundu ayatoboe kisha ayalainishe kingo kwa tupa, zisije zikaukata uzi. Ndoana asitume, atazinunua huko huko.